Tumbo Sawa na Kichwa

Mwanamke huyu alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na maringo ya ufundi wake. Tusimlaumu. Mtu akiingia dukani kwake, kabla hajamaliza salamu, yeye alishajua kiuno chake, kifua chake na urefu wa mikono yake. Ile tepu aliyoivaa shingoni ilikuwa ya kuwaridhisha wateja wasioamini. Aliwahi kumshauri bi harusi mmoja, mbele ya shangazi zake, kwamba gauni lisibane sana, liachiwe nafasi kidogo kwa mbele. Shangazi waliangua kicheko, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja, halafu wakamgeukia bi harusi. Gauni likashonwa la kuachia.

Mumewe alikuwa fundi friji, mtu wa kutengeneza majokofu ya mabucha na ya maduka ya vinywaji. Mungu hakuwajalia mtoto. Kwa kuwa hapakuwa na jina la mtoto la kuitana, wao waliitana Fundi. Fundi, chai tayari. Fundi, umeiona miwani yangu? Mgeni akifika nyumbani kwao alichanganyikiwa, hajui ni nani anayeitwa, lakini wenyewe hawakukosea hata siku moja.

Basi mteja wa huyu bwana, mama mmoja aliyekuwa akihamia nchi nyingine, alimwita aje kukagua friji kabla haijauzwa, na akamwachia kitu ambacho hakuna mtu aliyetaka kukinunua. Lilikuwa tangi la kioo, na ndani yake mnyama ambaye fundi cherehani alipomwona mara ya kwanza alirudi nyuma hatua mbili. Alikuwa na rangi ya waridi iliyopauka, miguu minne mifupi, mkia wenye pezi jembamba, na mdomo mpana uliokaa kama wa mtu anayetabasamu kwa adabu tu. Kichwani, nje kabisa, aliotesha matamvua sita, matatu huku na matatu kule, mekundu, yenye nyuzinyuzi kama pindo la shali. Huyo ndiye aksolotli. Samaki si samaki, mjusi si mjusi. Anaishi majini maisha yake yote, na maji yenyewe ayataka ya baridi. Nani wa kumtunza kama si fundi friji? Bwana alifungua friji mbovu, akachomoa alichochomoa, akaunganisha mashine ya kupoza maji ikawa inanguruma kwenye kona ya sebule mchana na usiku.

"Ni dume au jike?" mkewe aliuliza.

"Jike."

"Basi umeoa, Fundi. Umeniletea mke mwenza na hata hodi hukupiga."

Jina likamganda. Mke Mwenza akawa ndiye Mke Mwenza. Fundi cherehani hakumgusa wala hakumlisha. Alipopita sebuleni alimwambia tu, "Habari ya asubuhi, kipenzi cha mume," na kuendelea na safari yake. Yule mnyama naye alimtazama kwa lile tabasamu lake lisilo na maana yoyote, na hivyo ndivyo walivyoishi.

Sasa, palikuja kipindi bwana akaanza kumsumbua mkewe kwa masomo. Ilikuwa alasiri, fundi cherehani anapita na beseni la nguo za kuanika, akamwita.

"Njoo nikuonyeshe kitu."

"Mimi na mke mwenza tumeshaelewana. Yeye kwake, mimi kwangu."

"Njoo, Fundi."

Kulikuwa na kitu katika ile sauti. Akatua beseni, akaenda.

"Usimtazame kwa ubavuni," mumewe alisema. "Kioo na maji vinakuza, vitakudanganya. Simama umtazame kwa juu. Angalia upana wa kichwa, matamvua yaache. Halafu upana wa tumbo. Unaonaje?"

Alifumba jicho moja kama afanyavyo akipima kitambaa. "Sawasawa."

"Basi hapo ni mzima. Tumbo sawa na kichwa. Tumbo likiwa jembamba kuliko kichwa, amekonda. Likizidi, ama umemlisha kupita kiasi, ama ana mayai. Lakini hayo huja polepole, Fundi. Ukiona leo hivi, kesho vile, amevimba ghafla, hapo hakuna mayai. Hapo amemeza jiwe, au tumbo limefunga, au maji yamejaa ndani ya mwili."

"Akivimba nifanyeje?"

"Unamtoa humu. Unamtia kwenye chombo chenye maji safi, unamweka kwenye friji, kwenye ubaridi wa chini, unambadilishia maji kila siku. Baridi humtuliza. Kama ni tumbo kufunga, mara nyingi hufunguka."

"Na kama ni maji ya ndani?"

Mumewe alijifuta mikono kwenye suruali. "Hapo unajaribu tu."

Akamwonyesha na mengine. Matamvua yakinywea au yakijikunja kuelekea mbele, maji yana kasoro. Ncha ya mkia ikijipinda kama ndoano, ana dhiki. Pezi la mkia likisinyaa, hali chakula vizuri.

"Mbona unanifundisha kama naenda kufanya mtihani?"

"Nikiwa kazini nani atamtazama?"

"Atajitazama mwenyewe kwenye kioo."

Bwana alicheka mpaka akakohoa, akashika ukingo wa tangi. Mkewe naye akacheka, akachukua beseni lake akaenda kuanika.

Kweli mtihani ukawa mtihani. Kila asubuhi mumewe alimuuliza, "Mke mwenzako vipi?" na yeye, kwa kubetua mdomo, alikwenda kuchungulia na kurudi na majibu. Mwanzoni alifanya kumridhisha. Baadaye, tuseme ukweli, alianza kuona raha. Lilikuwa jicho lake lile lile la dukani, ila safari hii mteja hakuwa na mdomo wa kubishana.

Asubuhi moja alichungulia akatulia. Akachungulia tena.

"Fundi! Mke mwenzangu amekonda. Kichwa kimepita tumbo."

Mumewe alikuwa amekaa kwenye kochi na kikombe cha chai ambayo haikupungua. Alimtazama mkewe kwa namna ambayo huyu hakuielewa, kama aliyefurahi na kuogopa kwa wakati mmoja.

"Umeona?"

"Nimeona. Unamlisha kweli?"

"Nilisahau siku mbili tatu. Wale minyoo, siku hizi harufu yao inanichafua moyo."

"Lete, nitamlisha mimi. Ungeniambia tu."

Tangu hapo akawa ndiye anayekata minyoo wa udongo na kuwashusha kwa koleo ndogo mbele ya ule mdomo mpana. Mnyama alikuwa anakaa kimya kama hayupo, halafu kufumba na kufumbua mnyoo amekwenda. Tumbo likajaa taratibu, likalingana tena na kichwa. Fundi cherehani alijivuna dukani kwamba yeye hata nyoka mwenye miguu akiletwa atamnenepesha.

Alijivunia na jambo jingine. Mumewe alikuwa ameanza kujipigia pasi mwenyewe. "Waume zenu wanajua pasi inashikwa wapi?" aliwauliza wateja wake, nao wakamwonea wivu. Kila asubuhi alimsindikiza hadi mlangoni akamtazama akienda na sanduku lake la vifaa, suruali imemkaa vizuri kiunoni, shati limemkaa vizuri mabegani. Mume wa fundi, alisema moyoni, na anaonekana.

Siku aliyoitwa mapema kwenye bucha moja ambako nyama zilikuwa zinaharibika, bwana aliondoka mbiombio na kuacha nguo zake kwenye kamba. Mkewe akazianua, akawasha pasi, akageuza suruali ya kwanza ndani nje ili aanze na mshono wa kiuno.

Pasi ikabaki hewani.

Mshono haukuwa wake. Watu wasioshona hawataelewa, lakini kwa fundi mshono ni kama mwandiko. Yeye akifika mwisho hurudi nyuma kidogo kwa cherehani, kisha hukata uzi, basi. Huu uliishia kwa kifundo kidogo kilichofungwa kwa mkono. Uzi ulikuwa wa kijivu, wake ungekuwa wa rangi ya kitambaa. Akageuza suruali ya pili. Kifundo. Ya tatu, kifundo. Akachukua mashati, nayo yamepunguzwa ubavuni, na mwisho wa kila mshono kimekaa kifundo kinamtazama.

Kile kifundo alikijua. Alikuwa amekigombeza miaka mingi. Mwanafunzi wake wa zamani hakuacha tabia hiyo hata alipochapwa rula ya vidoleni, mpaka dukani wakamwita Kifundo, na jina likaenda naye alipofungua chumba chake cha kushonea nyuma ya soko. Alikuwa mwanamke aliyeachika, mcheshi, mwenye umbo ambalo fundi cherehani mwenyewe aliwahi kulisifu mbele za watu. Sasa alijuta kulisifu.

Mume wa fundi kushonewa nguo na fundi mwingine! Damu ilimchemka. Hata angewakuta kitandani asingechukia zaidi. Aliviringisha ile suruali kwapani, akatoka na kanga ya nyumbani, pasi ikabaki mezani, na kama si umeme kukatika kwa bahati nyumba ingeungua.

Kifundo alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Suruali ilitua mbele yake, juu ya cherehani.

"Hii kazi ya nani?"

Mwanamke aliitazama suruali, wala hakujaribu kudanganya. "Yangu, mwalimu."

"Tangu lini unamshonea mume wangu?"

"Mwalimu, keti kwanza."

"Sikuja kuketi! Nimekufundisha kushika mkasi, leo nakushika ugoni kwa uzi wa kijivu?"

"Simshonei," Kifundo alisema. "Nampunguzia."

"Unampunguzia nini?"

"Nguo, mwalimu. Zinamzidi."

Fundi cherehani alikuwa na maneno mengine makali tayari mdomoni, akajikuta hayana pa kwenda.

"Mara ya kwanza alisema amepunguza kula, anataka akushtukize uone alivyopendeza," Kifundo aliendelea. "Nikacheka, nikapunguza. Aliporudi nikamuuliza, akasema kazi nyingi. Baadaye sikumuuliza tena. Nilimwona alivyopanda hizo ngazi mbili za mlangoni, anapumzika katikati. Alinishika mkono akaniambia, ukimwambia mwalimu wako utakuwa umeniua kabla ya siku yangu. Ningefanyaje, mwalimu? Ningefanyaje?" Akaigeuza suruali upande wa nyuma, akailaza vizuri. "Tazama hapa. Juzi nilimwambia, fundi, hapa tumefika mwisho. Hii mifuko inakaribia kubusiana."

Akatazama. Ile suruali aliishona mwenyewe, na mifuko ya nyuma aliiweka mbali mbali, kiganja kizima kikakaa katikati. Sasa vidole viwili visingetosha.

Hapo ndipo alipoketi.

Mifuko haikufichwa. Ilikuwa mgongoni pa mtu, hadharani, inasogeleana wiki baada ya wiki, na yeye kila asubuhi alisimama mlangoni akimtazama mumewe mgongoni. Suruali ya mtu anayekonda hulegea. Ya mumewe haikulegea hata siku moja, na yeye, fundi mzima, alitazama jinsi nguo ilivyomkaa akaridhika. Hakumtazama aliyevaa.

Hakukumbuka alirudije nyumbani. Alimkuta mumewe amesharudi, amekaa kwenye kigoda mbele ya tangi, anamtazama Mke Mwenza. Hakumsikia akiingia. Fundi cherehani alisimama nyuma yake, akamtazama kwa juu, kama alivyofundishwa.

Shingo ilikuwa imebaki mishipa. Mabega yalikuwa yameshuka, shati limepunguzwa kuyafuata. Kichwa kilikuwa kikubwa, Mungu wangu, kichwa kilikuwa kikubwa kuliko mwili wote.

"Fundi," alisema.

"Naam, Fundi."

"Simama nikupime."

Aligeuka, akaiona suruali mkononi mwa mkewe. Alisimama akainua mikono pembeni, kama walivyozoea tangu uchumba wao, enzi zile alipokuwa akija dukani kupimwa suruali asizozihitaji. Tepu ilizunguka kiuno ikafika kwenye namba ambazo fundi alizizoea kwenye sare za watoto wa shule. Tepu ikamponyoka.

"Ini," mumewe alisema. "Daktari alisema limekwenda mbali. Nilipomuuliza dawa, akaniuliza kama nina familia."

"Lini?"

"Kabla sijakufundisha kumtazama huyu."

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini, Fundi?"

"Kwa sababu ya macho yako."

"Macho yangu yamekufanya nini?"

"Wewe ukimtazama mtu unampima. Huwezi kujizuia, ndiyo kazi yako. Nilijua siku utakayonipima, hutaacha. Utanipa chai huku unanipima, utalala huku unanipima. Nilitaka nibaki mumeo kidogo kabla sijawa mgonjwa wako."

Mkewe alimpiga kwa ile suruali. Alimpiga kifuani, si kwa nguvu, halafu akaona hata hiyo nguvu kidogo ilimyumbisha, akaitupa chini akamkumbatia asianguke. Alilia kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

"Umeninyima," alisema. "Siku zote hizo ningekupikia uji, ningekukanda miguu, ningekaa na wewe hapa. Nimeshona mapazia ya watu, Fundi! Nimeshona mapazia ya watu na wewe unakufa."

Mumewe alimpapasa mgongo tu. Na mkewe, hata katika kilio kile, aliuhisi ule mkono na kuupima, na akajichukia kwa kuupima.

Alifunga duka. Cherehani akaihamishia chumbani, pembeni ya kitanda, akamshonea mumewe suruali pana za kulalia zenye kamba kiunoni, ili pasiwe tena na haja ya kupunguza wala kupanua. Kifundo alikuja na supu karibu kila siku, akaiacha mlangoni, mpaka siku moja mwalimu wake akamwambia aache ujinga, aingie ndani. Wateja waliokuja kudai nguo zao walimaliziwa na Kifundo, na kila mshono ukaishia kwa kifundo, na hakuna aliyemgombeza.

Mwili wa bwana ulikwenda kama daktari alivyosema. Mikono na miguu ilikwisha, halafu tumbo, lililokuwa limezama, likaanza kupanda. Maji. Waliyatoa hospitali, yakarudi. Waliyatoa tena, yakarudi upesi zaidi. Macho yalikuwa ya njano. Sebule ilikuwa upande wa pili wa ukuta, lakini kwake sebule ilishakuwa safari ndefu asiyoiweza. Hakulalamika. Alisikiliza mngurumo wa ile mashine yake kupitia ukutani, na asubuhi aliuliza lile swali lake.

"Mke mwenzako vipi?"

Mkewe alikwenda, akachungulia kwa juu, akarudi na taarifa. "Tumbo sawa na kichwa. Matamvua mekundu. Mkia umenyooka."

"Basi vizuri," alisema, akafumba macho, kama aliyelishwa yeye.

Halafu ikaja asubuhi ambayo fundi cherehani alichungulia na moyo ukampasuka. Mke Mwenza alikuwa anaelea. Jana yake alikuwa ametulia chini kama kawaida yake, tumbo limejaa kidogo tu kiasi cha kumfanya ajiulize. Leo limevimba kama puto, limekipita kichwa kwa mbali, na ile miguu minne imetokeza pembeni kama vijiti. Matamvua yalikuwa yamepauka, yamejikunja kwenda mbele. Leo hivi, kesho vile.

"Fundi," sauti ilimwita kutoka chumbani. "Mke mwenzako vipi?"

Alikwenda akasimama mlangoni. Alifungua mdomo aseme. Kitandani, chini ya shuka, tumbo la mumewe lilikuwa limeinuka, na pande zote mbili za tumbo hapakuwa na kitu cha kuinua shuka. Angesemaje? Angesema tumbo limevimba, miguu imekwisha, maji yamejaa ndani, na mtu huyu ndiye aliyemfundisha maana ya maneno hayo?

"Tumbo sawa na kichwa," alisema. "Matamvua mekundu. Mkia umenyooka."

"Basi vizuri."

Akaenda jikoni akashika ukingo wa sinki. Alimwelewa mumewe sasa. Alimwelewa kabisa, na hakutaka kumwelewa, maana ile hasira ilikuwa imemsaidia kusimama.

Alifanya yote aliyofundishwa. Alimtoa Mke Mwenza kwenye tangi, akamtia kwenye bakuli la plastiki lenye maji safi na mfuniko uliotobolewa, akamweka kwenye friji, chini, karibu na maziwa na nyanya. Kila siku alimbadilishia maji. Kila alipofungua friji alisema naye. "Jitahidi, mwenzangu. Usinifanyie hivi. Wewe angalau." Lile tabasamu lilikuwa pale pale, halikubadilika hata mnyama alipoacha kuzungusha macho, hata alipoacha kutikisa matamvua. Ilikuwa Ijumaa. Alimfunga kwenye kipande cha hariri iliyobaki kwenye gauni la mtu, akamzika uani chini ya kamba ya kuanikia nguo.

Mashine hakuizima. Aliiacha ingurume kwenye tangi lenye maji matupu, kwa sababu upande wa pili wa ukuta palikuwa na mtu anayeisikiliza.

Na kila asubuhi alipoulizwa, alikwenda. Angeweza kujibu pale pale chumbani, lakini alikwenda sebuleni, akasimama juu ya maji yale matupu, akayatazama kwa muda ambao mtu angehitaji kumtazama mnyama, kisha akarudi. Tumbo sawa na kichwa. Matamvua mekundu. Mkia umenyooka.

Asubuhi ya mwisho mumewe aliamka akiwa na akili zake timamu. Daktari alikuwa amewaonya kwamba hilo hutokea mwisho ukikaribia. Aliomba ainuliwe kidogo kwenye mito. Aliomba dirisha lifunguliwe. Kisha akauliza.

Mkewe akaenda, akasimama, akarudi.

"Tumbo sawa na kichwa. Matamvua mekundu. Mkia umenyooka."

Mumewe hakusema basi vizuri. Alimtazama.

"Hajakonda?"

"Hajakonda."

"Wala hajanenepa?"

"Wala hajanenepa."

"Siku zote hizi. Vile vile."

"Vile vile."

Midomo iliyokauka ilijikunja upande mmoja, ikawa karibu tabasamu. "Fundi. Nani anampunguzia nguo?"

Alitaka kucheka. Kicheko kilianza, kikageuka njiani. Aliketi kitandani akaficha uso kwenye kile kiganja chepesi, na machozi yakapita katikati ya vidole vya mumewe.

"Lini?" aliulizwa.

"Ijumaa ile."

"Ulimweka kwenye friji?"

"Nilimweka. Nilifanya kila ulichoniambia. Nisamehe. Nilishindwa kukwambia."

"Najua unavyoshindwa. Nilishindwa kabla yako." Alipumzika ili apate pumzi. "Sasa nitazame mimi. Simama, kwa juu. Na usinipunguzie."

"Fundi, tafadhali."

"Simama."

Akasimama. Akafuta macho ili aone. Alimtazama kama ambavyo hakuwahi kumtazama mteja wala kitambaa wala mnyama, kuanzia kichwani hadi miguuni, bila kuruka mahali, na kila alichokiona kilimuuma mahali pake.

"Macho ya njano," alisema. "Shingo imekwisha. Mikono imekwisha. Tumbo limejaa maji, limekipita kichwa. Miguu imevimba nyayoni. Unapumua kwa juu juu." Sauti ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Unakufa, mume wangu. Unakufa leo."

Hakuwa amemwita hivyo tangu siku ya harusi.

"Umeona," mumewe alisema, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo. "Basi njoo ukae."

Alipanda kitandani akalala ubavuni mwake, akamwekea kichwa begani kwa uangalifu asimwumize. Kifundo alikuja na supu, akachungulia, akaiweka chini, akakaa kwenye korido na mikono kichwani. Jua lilikuwa limefika kwenye cherehani pale pumzi ziliposimama.

Mkewe aliinuka, akafunga kamba ya suruali ya mumewe iliyokuwa imelegea, akamfunika vizuri. Akaenda sebuleni, akazima mashine.